Kuziba Paa la Mabati Linalovuja: Mwongozo kwa Nyumba za Malava

Paa la mabati huvuja katika sehemu chache zinazojulikana: kwenye tundu la msumari, kwenye maungio ya bati na bati, chini ya kofia ya kileleni, kwenye bonde la paa, mahali paa linapogusana na ukuta, na kwenye bati lenyewe linapoliwa na kutu. Kila sehemu ina chanzo chake na tiba yake. Anayepaka lami kila mahali bila kujua maji yanaingilia wapi huahirisha tatizo kwa miezi michache tu, tena humfichia fundi atakayekuja baadaye chanzo chenyewe.

Mji wa Malava uko kaskazini mwa Kakamega, kando ya barabara kuu iendayo Webuye, katikati ya mashamba ya miwa ya Wakabras. Kaunti ya Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye mvua nyingi. Hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hesabu hiyo, nyumba yenye paa la kufunika mita 8 kwa 6 hupokea lita 1,440 katika mvua moja nzito ya milimita 30, na mvua kama hiyo inaweza kunyesha yote katika alasiri moja. Paa lenye kasoro ndogo ambalo lingestahimili miaka kadhaa katika maeneo makavu halipewi nafasi hiyo hapa. Na hili ni jambo la watu wengi: sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya nne kati ya kila tano nchini Kenya huishi chini ya mabati.

Jinsi bati linavyozuia maji

Wazo la kulikunja bati mawimbi lilisajiliwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Wazo la kulinda chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa lilisajiliwa Ufaransa mwaka 1837 na Stanislas Sorel. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoeleza karibu kila kasoro ya paa.

Mawimbi hulipa bati jembamba nguvu ya kubeba uzito, na pia huyapangia maji njia. Maji hukusanyika kwenye mabonde ya bati na kuteremka hadi upenuni, huku migongo ikibaki juu ya mkondo. Ndiyo maana msumari hupigwa kwenye mgongo, kamwe si bondeni. Msumari wa bondeni hushinda ndani ya maji kila mvua inaponyesha; hata washa yake ya raba ikiwa mpya, siku za usalama wake ni chache.

Zinki nayo hukilinda chuma kwa kuliwa kabla yake. Mkwaruzo mdogo hauleti kutu papo hapo, kwa sababu zinki iliyo kando huendelea kujitoa mhanga. Lakini zinki ina kiasi. Ikiisha, chuma hubaki uchi, na bati la geji 32 ambalo ni jembamba kuliko la geji 30 au 28 hutoboka mapema zaidi. Katika vipimo hivi, namba inapokuwa kubwa bati huwa jembamba. Mabati ya siku hizi yenye mng'ao mweupe au rangi ya kiwandani mara nyingi hupakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Hayo hudumu zaidi, ila yana masharti yake, yatakayoelezwa mbele.

Jua pia lina mchango. Bati la urefu wa mita 3 likipata joto kutoka nyuzi 15 alfajiri hadi nyuzi 60 saa saba mchana hurefuka kwa takriban milimita 1.6, kisha hunywea tena mvua ya alasiri inaponyesha ghafla. Mwendo huo hurudiwa mamia ya mara kwa mwaka. Msumari hutikiswa kidogo kidogo, tundu hupanuka, na raba ya washa hukauka na kupasuka.

Wakati wa kufanya kazi

Miezi mikavu zaidi Malava ni kuanzia Desemba hadi Februari. Mvua ndefu hushika kasi Machi na kufikia kilele Aprili na Mei, na kilele cha pili huja karibu na Agosti na Septemba. Matengenezo makubwa, kama kubadilisha mabati au mbao, yapangiwe Januari na Februari. Matengenezo madogo yanaweza kufanywa wakati wowote, mradi kazi ianze asubuhi umande ukishakauka na iishe kabla ya saa saba, maana mvua za eneo hili hupenda kunyesha alasiri, zikiandamana na radi na mara nyingine mvua ya mawe. Gundi za kuziba na lami hazishiki kwenye bati lenye unyevu, hata unyevu usioonekana kwa macho. Saa tano asubuhi ya siku yenye jua ndiyo saa nzuri ya kuzipaka.

Mvua ikikuta paa bado halijatengenezwa, kuna mambo mawili ya kufanya ndani ya nyumba. Maji yanayotiririka karibu na taa au soketi yanataka stima izimwe kwenye swichi kuu kwanza. Na dari ikianza kufura kama tumbo, itobolewe kwa msumari mahali ilipofura zaidi, beseni likiwa chini yake. Maji yakiachwa yajikusanye, dari nzima inaweza kuanguka.

Kutafuta mahali maji yanapoingilia

Tone linaloangukia kitandani halimaanishi kwamba tundu liko juu ya kitanda. Maji huingia juu, hutambaa chini ya bati hadi kwenye papi, yaani mbao zinazolala juu ya kenchi na kushikilia mabati, kisha hufuata papi hiyo hadi mahali penye kifundo, msumari au mteremko, na hapo ndipo hudondoka. Kwa hiyo utafutaji huanza penye tone na kupanda kuelekea kileleni, kamwe haushuki.

Hatua ya kwanza hufanywa mchana wa jua. Milango na madirisha hufungwa, na macho yakishazoea giza, kila tundu huonekana kama nyota ya mwanga. Mtu mmoja aliye ndani huchomeka kijiti chembamba au waya kwenye tundu ili mwenzake aliye juu alione na kulizungushia chaki. Nyumba yenye dari huhitaji kuingiwa kupitia mlango wa darini kwa tochi. Humo dalili ni mistari ya rangi ya chai kwenye mbao, kutu kwenye shina la msumari, na ukungu mweusi.

Maungio na flashingi, yaani bati linaloziba mahali paa linapogusana na ukuta, havionyeshi mwanga, kwa hiyo huhitaji jaribio la maji. Mtu mmoja hukaa ndani na mwingine humwaga maji taratibu kwa mpira au mtungi. Humwaga kuanzia upenuni, akisubiri dakika tano hivi kabla ya kusogea juu hadi maungio yanayofuata. Akianza kileleni, maji yatapita kila mahali kwa pamoja na jaribio halitaonyesha kitu. Mahali pa tone hupimwa kutoka kuta mbili, kwa mfano mita 2.1 kutoka ukuta wa mbele na mita 1.4 kutoka ukuta wa kulia, na vipimo hivyo huhamishiwa juu ya paa.

Kabla ya kulaumu paa, jasho la bati litofautishwe na mvujo. Usiku wa baridi, mvuke wa kupikia na pumzi za walalao hugonga bati baridi na kugeuka matone. Matone yakionekana alfajiri bila mvua kunyesha, tena yakiwa yametapakaa chini ya bati lote badala ya kufuata mstari mmoja, tatizo ni hewa. Tiba yake ni matundu ya hewa chini ya upenu na moshi wa jikoni kupata njia ya kutoka. Lami juu ya bati haisaidii lolote hapo. Jiko la kuni huongeza jambo jingine: masizi na unyevu hushika upande wa chini, na bati la jikoni likapata kutu kutoka ndani wakati juu bado linang'aa.

Usalama kabla ya kupanda

Ngazi huwekwa ili kwa kila mita nne za kimo, miguu yake ikae mita moja kutoka ukutani, na kichwa chake kipite upenu kwa karibu mita moja. Sehemu ya juu hufungwa kwa kamba, na mtu mmoja hushika chini.

Juu ya paa, mguu hukanyaga mstari wa misumari tu, kwa kuwa chini yake ndipo papi ilipo. Kukanyaga katikati ya papi mbili hulibonyeza bati, hufungua maungio na kuongeza mivujo badala ya kuipunguza. Ubao mpana uliolazwa juu ya papi kadhaa husambaza uzito. Viatu viwe vya soli laini ya raba. Bati lenye umande huteleza, na kingo zake hukata nyama kama wembe, kwa hiyo glovu za ngozi ni lazima.

Eneo la Kakamega linafahamika kwa radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama wingu bado liko mbali, kazi huachwa na watu hushuka. Waya za stima zinazoingia nyumbani mara nyingi hupita karibu na bati. Paa lolote linalompiga mtu shoti, hata ndogo, liachwe mara moja, stima izimwe, na fundi wa umeme aitwe.

Majengo ya zamani, hasa baadhi ya shule na nyumba za taasisi, yana paa la asbestosi, karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji. Vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu na saratani. Paa hilo halikatwi, halitobolewi wala halisuguliwi kwa brashi. Kisheria asbestosi ni taka hatari, na huondolewa tu na walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA).

Vifaa

Vifaa vya kazi hii hupatikana katika hadwea za kawaida: nyundo ya kucha, drili, mkasi wa bati, brashi ya waya, msasa, bunduki ya riveti, bunduki ya silikoni, chaki na futi. Upande wa vifaa vya kutumika huhitajika skrubu za mabati zenye washa ya raba, riveti, gundi ya kuziba, rangi ya kuzuia kutu, utepe wa lami wenye uso wa alumini, lami ya maji na kitambaa cha fiba.

Katika ununuzi kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki. Inayofaa bati ni ile isiyo na asidi, na maelezo yake huandikwa kwenye mrija. Pili, bati jipya na kipande cha kiraka viwe vya aina moja na bati la zamani kwa umbo la wimbi, vinginevyo havitalaliana. Tatu, bati liwe na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na geji iliyochapishwa juu yake ifanane na ile iliyo kwenye risiti.

Waya au vipande vya shaba visiachwe juu ya mabati. Maji yanayopita kwenye shaba kisha yakafika kwenye zinki huichakaza haraka. Kwa mabati yaliyopakwa alumini na zinki, risasi huleta madhara hayohayo, na saruji mbichi huyaharibu pia.

Misumari iliyolegea

Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kuchunguza, na mara nyingi huwa cha mwisho pia. Msumari ulioinuka kwa milimita mbili tu huacha nafasi ya maji kuzunguka shina lake na kushuka hadi kwenye mbao.

Kuupiga nyundo upya msumari uleule ni kazi bure, kwa sababu tundu la mbao limekwishapanuka. Hutolewa kwa kucha ya nyundo, kipande cha ubao kikiwekwa chini ya nyundo ili bati lisibonyee. Mahali pake hutiwa skrubu iliyo nene na ndefu kidogo kuliko msumari, yenye washa ya raba. Mbao ikiwa imeoza, skrubu husogezwa hadi kwenye mgongo wa jirani penye mbao nzima, na tundu la zamani huzibwa kwa utepe wa lami kama itakavyoelezwa.

Kukaza kuna kipimo chake. Raba iliyobanwa vizuri huonekana imejaa hadi ukingo wa washa ya chuma bila kufurika nje. Ikibaki imelegea kiasi cha kuzungushika kwa kidole, maji yatapita. Ikifurika na kujikunja, imekazwa kupita kiasi, na mgongo wa bati utakuwa umebonyea na kufanya kikombe cha kukusanya maji kuzunguka skrubu. Makosa hayo mawili huonekana kwa macho, kwa hiyo kila skrubu ikaguliwe kabla ya kuhamia nyingine.

Misumari ikiwa mingi imelegea katika mstari mmoja, shaka ielekezwe kwenye papi. Mchwa hula mbao kutoka ndani na kuacha ganda. Bisibisi ikizama kwa kusukumwa na mkono, mbao hiyo ibadilishwe au ipigiliwe nyingine ubavuni mwake kabla ya kugusa bati.

Matundu na kutu

Tundu la msumari wa zamani, au lolote lisilozidi milimita tano, huzibwa kwa utepe wa lami wenye alumini. Bati husuguliwa kwa brashi ya waya, hupanguswa vumbi, hufutwa kwa kitambaa chenye thina kidogo na kuachwa likauke. Utepe hukatwa ukiwa na pembe za mviringo, hubandikwa ukipita tundu kwa angalau sentimita 5 kila upande, na kusuguliwa kwa kitu laini hadi ufuate umbo la wimbi bila kuacha hewa chini yake.

Tundu kubwa huhitaji kiraka cha bati, kwa utaratibu ufuatao:

1. Kutu hukwanguliwa hadi chuma kigumu kionekane. Kingo zinazobomoka kwa kidole hukatwa kwa mkasi.
2. Kiraka hukatwa kikiwa kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande, na kibebe mawimbi yaleyale.
3. Sehemu iliyokwanguliwa hupakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa ikauke kabisa.
4. Gundi ya kuziba huwekwa mistari miwili kuzunguka tundu, mmoja karibu na tundu na mwingine karibu na ukingo wa kiraka. Upande wa chini huachwa pengo dogo ili maji yakiingia yapate pa kutokea.
5. Kiraka hubandikwa na kukazwa kwa riveti kila baada ya sentimita 5, zote zikiwa kwenye migongo.
6. Tundu likiwa karibu na ukingo wa juu wa bati, kichwa cha kiraka huchomekwa chini ya bati la juu badala ya kuwekwa juu yake.

Kanuni ya hatua ya mwisho inatawala paa zima: kila kipande cha juu hulalia kipande cha chini. Kiraka kisichofuata kanuni hiyo hutegemea gundi peke yake, nayo gundi huchoka.

Sehemu yenye matundu mengi madogo, kama ile iliyopigwa na matawi ya mkaratusi au kukaliwa na majani yaliyooza, hutengenezwa kwa lami na kitambaa. Hupakwa lami ya maji, kitambaa cha fiba hulazwa kikiwa hakijakauka, na baada ya siku moja hupakwa tabaka la pili kwenda upande mwingine. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu misimu kadhaa, lakini hairudishi nguvu ya bati. Maji ya paa lililopakwa lami au rangi yasikingwe kwa kunywa, na mvua kadhaa za mwanzo zimwagwe kabla ya maji kuelekezwa kwenye tangi kwa matumizi mengine.

Maungio ya bati na bati

Ubavuni, bati hulalia jirani yake kwa wimbi moja na nusu. Wimbi moja pekee haliwezi mvua yenye upepo. Ukingo ulio juu huelekezwa upande ambao upepo wa mvua hauingii. Kichwani, bati la juu hulalia la chini kwa sentimita 15 ikiwa mteremko ni nyuzi 15 au zaidi, yaani paa linapanda angalau sentimita 27 kwa kila mita ya mlalo. Paa lililolala zaidi ya hapo huhitaji sentimita 20 hadi 25 pamoja na mstari wa gundi.

Maungio mafupi huvuja kwa namna inayowachanganya wengi. Mabati mawili yaliyobanana huvuta maji kwenda juu kati yake, kinyume cha mteremko, kama utambi unavyovuta mafuta. Kupaka silikoni kwenye ukingo wa nje huyafungia maji hayo ndani na kuharakisha kutu. Njia sahihi ni kulegeza misumari ya maungio, kuinua bati la juu kwa kabari ya mbao, kusafisha vumbi na kutu, kuweka mstari mmoja wa gundi karibu na mwisho wa juu wa bati la chini, kisha kushusha na kukaza kwa skrubu mpya. Ubavuni, riveti au skrubu fupi kila baada ya sentimita 40 hivi huzuia maungio kufunguka upepo unapovuma. Maungio yakiwa mafupi mno kiasi cha kutotibika, bati refu zaidi ndilo jibu.

Kofia, bonde na ukuta

Kofia ya kileleni hufunika kila upande kwa angalau sentimita 15. Ikiwa imeinuliwa na upepo, hukazwa upya kwa skrubu kwenye migongo. Pengo kati ya kofia na mabonde ya bati huruhusu mvua ya upepo, ndege na panya. Huzibwa kwa vipande vya povu vilivyokatwa kwa umbo la wimbi, huku nafasi chache zikiachwa ili hewa ya darini ipumue. Saruji haifai hapo, kwa kuwa hupasuka bati linaporefuka na kunywea.

Bonde la paa, mahali miteremko miwili ya nyumba ya umbo la L inapokutana, hubeba maji ya pande zote mbili. Mvujo wa bondeni aghalabu huanza na uchafu: majani ya mparachichi na mwembe hujaa, maji huinuka hadi kupita kingo za bati la bonde, na kuingia ndani. Kusafisha pekee hutatua nyingi ya kesi hizi. Kama bati la bonde limeoza, mabati ya pande zote mbili hufunguliwa kwanza, bati jipya hulazwa kuanzia upenuni kwenda juu, na katikati yake hapatiwi msumari wowote.

Paa la baraza au jikoni lililoegemezwa ukutani huvuja mahali linapokutana na ukuta. Plasta iliyopakwa pembeni haidumu, kwani ukuta hautembei na bati linatembea. Mfereji wa kina cha sentimita 2 hivi huchimbwa ukutani sentimita 15 juu ya paa, ukingo wa flashingi huingizwa humo na kuzibwa kwa gundi inayonyumbuka, na mwili wake huteremka na kulalia migongo ya bati bila kufungwa kwa saruji.

Gata na upenu

Gata likijaa uchafu, maji hurudi nyuma na kulowesha ubao wa upenuni, vichwa vya papi na ukuta. Mwenye nyumba huona ukuta umelowa na kudhani paa limetoboka. Gata literemke sentimita moja kwa kila mita mbili kuelekea kwenye bomba la kushukia, na bati litokeze ndani ya gata kwa sentimita 5 hivi. Likitokeza kidogo mno, maji hujikunja chini ya bati. Likitokeza mno, mvua kubwa huruka juu ya gata.

Kubadilisha bati zima

Kiraka hufaa kwenye kasoro moja au mbili. Bati lenye kutu zaidi ya robo ya eneo lake, au linalobonyea kwa kidole karibu na misumari, hubadilishwa. Misumari yake na ya mabati yanayolilalia hutolewa, bati la zamani huvutwa kwenda chini, na jipya husukumwa kutoka upenuni kwenda juu hadi lichomeke chini ya bati la juu. Ukataji ufanywe kwa mkasi, na ufanyike chini. Gurudumu la kukatia huunguza zinki ukingoni, na cheche zake zikiangukia mabati mengine huacha vidoa vya kutu ndani ya wiki chache. Vumbi la chuma la drili lifagiliwe siku hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo.

Nusu ya mabati ya upande mmoja yakihitaji kubadilishwa, gharama ya viraka, skrubu na siku za fundi hukaribia ile ya kuezeka upande huo upya, na uamuzi wa busara huwa kuezeka.

Kukagua na kutunza

Baada ya matengenezo, jaribio la maji hurudiwa kutoka chini kwenda juu, gundi ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye mrija wake. Mbao zilizolowa huachwa zikauke kabisa kabla ya dari kufungwa. Zikifungiwa na unyevu wake, zitaoza chini ya paa lisilovuja.

Ukaguzi hufanywa mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Julai kabla ya kilele cha pili, na tena baada ya kila mvua ya mawe au upepo mkali. Hufagiliwa majani, husafishwa gata na bonde, hukaguliwa raba za skrubu, na matawi yanayogusa paa hukatwa. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja na haihitaji kununua kitu. Mwenye nyumba anayeifanya kila Februari atahitaji skrubu kumi Machi. Anayeiacha hadi maji yafike kitandani atahitaji bati, papi na dari.